Harusi ya Kuwahi Msiba

Uvumi huo niliusikia kwa Da Lieu, anayeuza uji wa bata karibu na gati la soko letu hapa Can Tho. Alisema mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto amenyimwa viza ya kumfuata mumewe Marekani, kisa picha zake za harusi zilikuwa chache.

"Afisa amehesabu meza za wageni," Da Lieu alisema huku akikoroga sufuria. "Meza zisipofika kumi, kwao hiyo si harusi, ni maigizo. Kaambiwa arudi nyumbani. Eti Mama Hoai, zako zilikuwa meza ngapi?"

"Hazikuwepo."

Da Lieu akaacha kukoroga. "Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi shoga yangu, endelea kututengenezea mikate," akasema, akanijazia bakuli bila kunitazama.

Kazi yangu ni mikate ya mchele, ile myembamba ya kukunjia mboga na kamba. Kila asubuhi mimi humwaga uji wa mchele juu ya kitambaa chenye mvuke, na binti yangu Hoai, mwenye miaka kumi na miwili, huinua kila mkate kwa kijiti na kuutandaza juani, kwenye kichanja cha mianzi, kabla hajaenda shule. Wiki ile mikate mingi ilichanika mikononi mwangu. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nilifungua bahasha ya nyaraka zetu, nikazipanga, nikaifunga, nikaenda hadi mlangoni, nikarudi kuifungua tena.

Ni kweli harusi yetu haikuwa na meza. Mimi na Luan tulikuwa wachumba kwa muda mrefu. Yeye ni fundi magari huko Houston, na tulikuwa tumepanga kuoana baada ya Mwaka Mpya, kwa ngoma, kwa mwavuli mwekundu, na nguruwe mzima wa kuoka. Lakini kabla ya siku hiyo mama yake, aliyeishi kwenye kichochoro chetu hiki hiki, alizidiwa. Madaktari wakamrudisha nyumbani akafie kitandani kwake.

Kwetu mama akifa, mtoto wake haoi mpaka kipindi cha kuomboleza kiishe, na kipindi hicho huhesabiwa kwa miaka. Ndiyo maana kuna harusi ya kuwahi msiba. Watu huoana upesi, mgonjwa angali anapumua, ili aondoke akiwa ameona. Luan alishuka kwenye ndege, na sanduku lake lilikuwa bado halijafunguliwa tulipowasha ubani mbele ya madhabahu ya wazee na kumimina chai.

Mama mkwe ndiye humvalisha bibi harusi hereni. Huyu wangu alikuwa amelala, mkono haunyanyuki. Hoai akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika kiwiko, akauinua mkono ule taratibu mpaka ukafika sikioni kwangu. Hereni ya kulia ikaingia.

"Nyingine kesho," mama mkwe akasema. "Nimechoka, wanangu."

Kesho yake hakuweza tena kunyanyua hata kidole. Tulimzika wiki hiyo hiyo. Luan akarudi kazini kwake na kutuombea viza, mimi na Hoai pamoja, maana baba mzazi wa Hoai alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Hereni ya kushoto ilibaki kwenye kijaluba chake chekundu, nami nikawa natembea na hereni sikio moja.

Jirani alitupiga picha kwa simu, chache tu. Hakuna anayecheka. Ile ya hereni haimwonyeshi hata Hoai mwenyewe. Unaonekana mkono wake tu, umeshika kiwiko cha bibi.

Nilipompigia Luan kumweleza habari za meza, alicheka.

"Peleka hizo hizo. Ndizo tulizonazo."

"Wewe sema tu. Uko huko umelala chini ya gari la mtu."

"Kulala chini ya magari ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye fomu zako, mke wangu."

"Na wakitunyima?"

"Watatuambia sababu, na sisi tutajibu. Acha kumsikiliza muuza uji. Sikiliza maelekezo ya ubalozi niliyokusomea: waraka mmoja wa uongo unaweza kutufungia mlango maisha yetu yote. Kwamba picha chache ni kosa, hakujaandikwa popote."

"Da Lieu anamjua huyo mwanamke."

"Anamjua, au anamjua anayemjua?"

Nilikata simu kwa hasira. Hoai alikuwa mezani akifanya hesabu zake, na penseli yake ilikuwa imesimama. Siku zilizofuata akaanza kuchelewa kurudi kutoka shule. Nikimuuliza anasema wanafanya usafi wa darasa. Sikumfuatilia. Mama mwenye wasiwasi huona kila kitu ila kilicho mbele yake.

Siku ya usaili ilitukuta Saigon, kwenye foleni ya ubalozi mdogo wa Marekani. Hoai ndiye aliyeomba kubeba bahasha tangu Can Tho, nikafurahi kuwa mtoto anakua. Nilimnunulia mkate wenye nyama na achari. Akaushika bila kuuma.

"Una homa?"

"Hapana."

"Basi kula. Afisa akikuuliza jina, tumbo ndilo litakaloitikia."

Hakucheka. Foleni ikasogea, na sisi tukasogea nayo. Nilikuwa nahesabu vichwa vilivyo mbele yetu niliposikia ananivuta mkono.

"Mama, nikikuambia kitu utanipiga?"

"Mbele ya askari hawa? Sema."

Akafungua bahasha, na chini ya picha zetu akachomoa nyingine nisizozijua. Ukumbi mzima. Meza zenye vitambaa vyekundu, maua, wageni wameinua bilauri. Katikati nimesimama mimi na Luan, tumevaa mavazi mekundu ambayo hatukuwahi kuyagusa. Uso wangu ulikuwa ule ule wa siku ile, sikio moja lina hereni.

"Nani kafanya haya?"

"Dada Thoa, pale studio." Thoa ni binti wa kaka yangu, kazi yake ni kusafisha picha za maharusi. "Usimgombeze, mama. Alikataa, nikalia mpaka akakubali."

"Hoai, kwa nini?"

"Si ulisema hatuna meza? Kwenye kompyuta ya dada Thoa meza zipo tele."

Sina sababu ya kuficha: picha zilikuwa nzuri. Foleni ilisogea tena na sauti ya Da Lieu ikapita kichwani mwangu, meza kumi, meza kumi. Mbele yetu watu walikuwa wakiingia, na mkono wangu ulikuwa bado umezishika picha zile.

"Mwanzoni nilizipenda," Hoai akasema, sasa machozi yanamtoka. "Jana nikamwangalia bibi vizuri. Mama, bibi amesimama."

Nikatazama. Mama mkwe alikuwa pembeni ya Luan, amevaa vazi la mahameli ya zambarau, wima kama nguzo, ameshika bilauri.

"Hakuweza kusimama," Hoai alisema. "Hata mkono wake niliunyanyua mimi. Huyu ana mwili wa mtu mwingine."

Hapo uvumi wote ukanitoka kichwani kama maji ya moto yaliyomwagwa. Nilitaka kuzichana picha zile, lakini kwetu sura ya marehemu haichanwi. Nikaomba tushikiwe nafasi, nikamkimbilia mwanamke wa kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, yule anayewatunzia watu simu na mikoba. Nikaziacha kwake ndani ya mkoba wangu, zimefunikwa na koti la mvua. Nilirudi mbio, kijasho kinanitiririka, na jina langu likaitwa kabla sijatulia.

Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kando yake mkalimani kijana. Aliuliza tulivyofahamiana, Luan anafanya kazi gani, mara ya mwisho alikuja lini. Kisha akatandaza picha zetu chache, moja moja, kama anayepanga karata.

"Bwana alitua, na siku chache tu baadaye mmeoana," mkalimani akatafsiri. "Hakuna wageni. Hakuna anayetabasamu. Kwa nini?"

Nikaeleza. Mama wa mume alikuwa anakufa. Tungechelewa, tungesubiri miaka. Mkalimani, ambaye ni mtu wa kwetu, aliitikia kwa kichwa kabla ya kutafsiri, akaongeza maneno yake machache kuhusu desturi hiyo.

Afisa akaichukua ile ya hereni. Aliitazama picha, akanitazama mimi.

"Hapa una hereni moja. Na leo pia una moja."

"Nyingine alisema atanivalisha kesho."

Mkalimani alitafsiri polepole. Afisa akairudisha picha kwenye kaunta. Akamgeukia Hoai.

"Na wewe, harusi ya mama yako ulikuwepo? Sikuoni."

Hoai akaunyanyua mkono wake, akauweka juu ya kaunta. "Nipo. Mkono huu ndio ule ulioshika kiwiko cha bibi. Bibi alikuwa mwepesi, ila mkono wake ulikuwa mzito."

Afisa akaandika kwa muda mrefu. Mwishoni akatukabidhi karatasi ya rangi na kutuambia tulete cheti cha kifo cha mama mkwe, kisha suala letu litaendelea. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nje, nilipokwisha kuchukua mkoba wangu kibandani, bibi mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe aliiona karatasi mkononi mwangu. "Pole, mwanangu. Ya rangi ndiyo ya kunyimwa," akasema. Nikaikunja upesi. Uvumi mwingine huo, hata wa kwanza sijaupumzikia. Nilipompigia Luan kulikuwa usiku kwake, lakini aliamka.

"Nisomee," akasema. Nikamsomea. "Wameomba cheti. Wangetunyima wangekuombea cheti cha nini? Nenda ofisi ya kata."

Tukaenda ofisi ya kata, cheti kikatoka, tarehe zikaonekana wazi: harusi, kisha kifo. Tukakituma. Basi tena ikawa kungoja. Nilifagia, nilipanga, nilizunguka. Da Lieu kila asubuhi aliuliza, "Vipi, mmeshanyimwa?" nami nikawa nanunua uji kwa mwingine. Hoai naye nilimpa adhabu ya kusugua vichanja vyote, pamoja na ya kumwendea Thoa kumwomba radhi kwa kumwingiza kwenye jambo ambalo lingemfukuzisha kazi. Thoa alimwambia, "Nilipaswa kukataa hata ungelia damu," wakasugua vichanja wote wawili.

Pasi zetu zilirudi na viza ndani yake, siku ya mvua. Nilimpigia Luan, kisha nikamwambia Hoai amweleze mwenyewe habari za picha za ukumbi, maana nilikuwa sijamwambia. Akaeleza yote, akitazama sakafu. Luan alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hoai," akasema, "najua ulitaka tuwe pamoja. Mimi pia nataka. Lakini wangeigundua ile picha, wasingeiamini tena hata ile ya kweli. Na wasingeigundua, ungekuja kuishi hapa ukishtuka kila mlango unapobishwa. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na sisi tunakwenda mbali."

"Ndiyo, baba," Hoai akajibu. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Alikuwa akimwita mjomba Luan.

Zikabaki zile picha. Kwetu kinachochomwa mbele ya madhabahu humfikia marehemu, nguo za karatasi, nyumba za karatasi. Siku ya kumuaga mama mkwe kabla ya safari tuliwasha ubani, tukaziweka kwenye beseni la majivu, na Hoai akatia kiberiti.

"Bibi atazimaliza meza zote hizo?"

"Atawaalika majirani zake."

"Na atasimama?"

"Huko aliko, atasimama."

Moto ulipozima nikatoa kile kijaluba chekundu na kumpa Hoai. Alijua la kufanya. Akanawa mikono, akapanda kigoda, akanivalisha hereni ya kushoto.

Haya nimeyaandika masanduku yakiwa mlangoni, nikiinuka kila mara kutazama kama pasi zipo. Nawaandikia kina mama, na watoto wao wanaojua kusoma kuliko sisi. Msifanye haya:

Msibebe uvumi wa sokoni mkaupeleka nyumbani. Watoto husikia.

Msiongeze kwenye nyaraka zenu picha, tarehe wala jina ambalo si la kweli, hata kama yenu inaonekana duni.

Msimwombe ndugu awatengenezee uongo kwa sababu anawapenda.

Msione aibu kueleza desturi ya kwenu. Asiyeijua ataelewa akielezwa.

Msisome karatasi ya serikali kwa rangi yake. Someni maneno.

Msiingie kwenye usaili kabla ya kufungua bahasha na kutazama kila kilichomo.

Na mtoto akikataa kula siku ya safari, msimwambie ana homa. Mwulizeni.