Jumanne Walipotia Sumu kwenye Boroni

Jumanne ya tarehe kumi na nne Agosti, mikorosho ikiwa imechanua, ndiyo siku mpiga dawa wa shamba la kampuni alipompoteza mfuga nyuki wake.

Walikuwa wamekutana mwaka mmoja nyuma, kwenye duka la pembejeo mjini, katikati ya msukumano wa wateja. Alishika jozi ya mwisho ya glovu. Mwanamke mwenye gauni la njano, mikono inanukia moshi na nta, akaishika upande wa pili.

"Kaka, achia. Wewe huumwi na nyuki."

"Na wewe, dada, huchomwi na dawa."

"Basi tugawane, kila mtu mkono mmoja."

Mwanamume aliziachia glovu, akaondoka na namba ya simu ya mwanamke.

Tangu hapo, kila alipotaka kupiga dawa ya wadudu alimpigia simu jioni, naye akafunga mizinga nyuki wakisharudi. Lakini siku ya boroni, kirutubisho kinachosaidia ua kushika mbegu, mizinga iliachwa wazi. Boroni bila nyuki wa kubeba chavua ni kazi bure.

"Kesho ni boroni tu, malkia," alimwambia Jumatatu ile.

"Una hakika, Bwana Pampu?"

"Waache watoto wako wakale. Harusi yetu imo humo mizingani."

Akacheka yule, kicheko cha kumtoa mtu usingizini.

Kumbe meneja, ili trekta lisipite mara mbili, alishaamuru sumu ya wadudu itiwe kwenye tangi hilohilo kabla mpiga dawa hajafika. Wakubwa wa kwenye viyoyozi hao, nyuki kwao ni picha kwenye chupa ya asali.

Adhuhuri simu ikalia.

"Ulisema boroni tu."

"Ndivyo nilivyoambiwa, mpenzi, haki ya Mungu..."

"Usiniite mpenzi. Nyuki wangu waliokufa nimewazoa kwa koleo."

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza mwaka mzima! Aliyeamuru aje aniambie mwenyewe, uso kwa uso. Bila hivyo, kwangu usikanyage."

Mpiga dawa alikwenda ofisini na mabuti yake yenye matope, akauliza ni nani aliyeamuru sumu itiwe. Meneja hakuinua hata macho kwenye kompyuta.

"Amri imetoka juu."

"Juu kwa nani, bosi?"

"Juu. Kaendelee na kazi."

Msimu ule maua yalipukutika bila kushika korosho. Wakubwa wakasingizia hali ya hewa. Mwanamke akahamishia mizinga iliyobaki ng'ambo ya mji, akabadilisha na namba. Mpiga dawa bado huingia ofisini, huvua kofia, huuliza lilelile, na makarani huinamia meza zao: huko juu, ni nani hasa?