Kibodi ya Marehemu

Bisha ukitaka, lakini rafiki yangu Fundi Waya si mwoga kama wewe. Mjane mmoja alimwita amhamishie barua pepe za marehemu mumewe kwenye programu ya kompyuta, kabla akaunti haijafungwa.

"Sina kingine chenye maneno yake, mwanangu."

Fundi akajaza anwani na nywila. "Zinashuka, mama." Mara umeme ukakatika. Kwenye giza ikasikika kibodi: ta... ta... ta, polepole.

"Ndivyo alivyokuwa akiandika," mama akanong'ona huku akilia. "Kidole kimoja tu. Mwache amalize."

Fundi akatulia tuli. Kuna kitu nimekuficha: kibodi ilikuwa mapajani mwake, ameifunika kwa viganja, na vitufe vilikuwa vikibonyea vyenyewe chini ya mikono yake, kimoja kimoja.