Mayai Kumi na Mawili ya Bibi

Mayai yaliingia kwenye sanduku la kuangulia vifaranga Ijumaa jioni, kumi na mawili, kila moja na alama za penseli: msalaba upande mmoja, duara upande wa pili. Kazi ya Karani, mjukuu wa Bibi, ilikuwa kuyageuza asubuhi, mchana na jioni, kusoma kipimajoto, na kuandika daftarini. Karani halikuwa jina lake. Bibi ndiye aliyempachika, tangu macho yake mwenyewe yalipoingiwa na ukungu.

"Mke mwenzangu," Bibi alimtania kutoka kitandani, "macho yako nimeyaazima. Nitakurudishia kabla hayajachakaa."

Kwa miaka arobaini Bibi alichunguza jinsi kifaranga anavyojiumba ndani ya yai. Alikuwa ametengeneza jedwali lililoonyesha moyo huanza kupiga saa ya ngapi, na macho hutokea lini. Wanafunzi wake, ambao sasa ni walimu, walilitumia kila mahali. Lakini siku hizi wengine walisema jedwali hilo lina makosa. Bibi alitaka kulipima mara ya mwisho, kabla kifua hakijamshinda. Pumzi yake ilikuwa fupi mno. Sentensi moja aliigawa mara tatu.

Jumamosi mchana wenzake walimwita Karani kuruka kamba. Aligeuza mayai haraka haraka, akakimbia nje. Aliporudi jioni alikuta kifuniko cha sanduku kimekaa upande. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na sita badala ya thelathini na nane. Akakifunga kifuniko. Halafu akaandika: mchana, thelathini na nane. Jioni, thelathini na nane.

Jumapili alikuja daktari, mwanafunzi wa zamani wa Bibi. Alipasua yai moja moja na kuchungulia kwenye hadubini.

"Vipi?" Bibi aliuliza.

"Bado moyo haupigi, Mwalimu."

"Jingine."

Alipomaliza la kumi na mbili, daktari aliinua kichwa, glavu zikiwa bado mikononi.

"Hata moja?"

"Hata moja, Mwalimu."

"Na joto?"

Daktari alifunua daftari. "Thelathini na nane. Halikuyumba hata kidogo."

Bibi aligeukia ukutani. "Basi ni jedwali," alisema. "Miaka arobaini... nimewapotosha watoto wa watu."

"Mwalimu, usiseme hivyo."

"Niseme nini? Nina wiki ngapi za kurekebisha? Karani, chukua kalamu. Wanafunzi wote wapate barua."

Karani alikaa pembeni mwa kitanda. Bibi alitamka, yeye akaandika: *Wanangu, acheni kutumia jedwali langu. Nilikosea tangu...* Hapo kalamu ikagoma. Aliona chozi la Bibi likishuka mpaka sikioni, na Bibi hakulifuta.

"Andika, mwanangu. Tangu mwanzo."

"Siwezi, Bibi."

"Mkono umechoka?"

"Nilidanganya!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayezama. "Kifuniko kilikuwa wazi mchana kutwa. Mayai yalipoa. Nilikuta ishirini na sita, nikaandika thelathini na nane. Mchana sikuangalia kabisa!"

Daktari alivua glavu polepole.

"Ningekufa na barua hiyo," Bibi alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Karani zaidi. Kisha akamwomba daktari afungue daftari lake kuukuu lililokuwa chini ya mto. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa namba, na katikati mstari mmoja wa maneno: *Saa kumi: sikuangalia, nilisinzia.*

"Nilikuwa kijana," Bibi alisema. "Niliona aibu kuandika hivyo. Mwalimu wangu aliusoma mstari huo, akaniambia, 'Kwa sababu ya huu, namba zako nyingine nitaziamini.' Kazi yangu yote... ilianzia hapo. Futa uongo wako, Karani. Andika ulivyofanya. Kisha tuweke mayai mengine."

Karani aliandika. Safari hii hakutoka nje siku zote mbili, hata wenzake walipomzomea kwamba naye anaatamia.

Siku ya kupasua, Bibi hakuweza hata kuinua kichwa. Daktari aliinama juu ya hadubini, kisha akampisha Karani. Juu ya kiini, kitone chekundu kilijikunja na kujikunjua.

"Moyo unapiga, Bibi! Kwa saa ileile ya jedwali!"

"Nionyeshe."

Karani aliendelea kuchungulia kwa jicho moja, huku kidole chake kikigonga kiganja cha Bibi: tu, tu, tu. Bibi alifumba macho, akakisikiliza kiganja chake.

Alifariki siku ya nne baada ya hapo. Barua ile haikutumwa.

Daktari aliomba daftari la Karani, akaenda nalo darasani kwake. Wanafunzi wapya wakifika, kabla hajawaonyesha jedwali, huwafunulia ukurasa wenye namba mbili zilizokatwa na maneno yaliyoandikwa kwa mkono wa mtoto: *Mchana sikuangalia. Jioni ishirini na sita.*

"Someni hapa kwanza," huwaambia. "Kukosea kunatufanya turudie kazi. Kudanganya kulikaribia kuichoma kazi ya mtu ya miaka arobaini. Aliyeandika haya alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliandika akilia."