Aliyeitikiwa Miaka Thelathini

Shuka alizoanika Delfina saa tatu asubuhi zilikuwa bado zinachuruzika maji saa nane mchana. Ilikuwa mwishoni mwa Machi, joto la Corrientes, kaskazini mwa Argentina, halijapungua hata kidogo, na soksi za jirani zilizoanikwa baadaye zilikuwa zimekauka kau. Delfina alizinusa shuka zake. Zilinuka tope, lakini si tope la mtoni alilolizoea. Hili lilinuka baridi.

"Mzee, hebu njoo unuse."

Mumewe Anselmo alinusa mara moja tu, uso ukampauka. "Sabuni mbovu hiyo," alisema.

Siku ya pili, saa ya kulala mchana, mji mzima ukiwa umefunga madirisha, Delfina alisikia meno yakigongana upande wa pili wa ukuta, taratibu mwanzoni, kisha haraka, meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi, ilhali yeye mwenyewe jasho lilikuwa limelowanisha mto, na kadiri alivyojiambia ni mjusi, ni bati, ni upepo, ndivyo yalivyozidi kumkaribia, mpaka yakawa yanagongana usawa wa sikio lake.

"Anselmo," alinong'ona. "Unasikia?"

"Lala."

"Kuna mtu hapo nje."

"Nimesema lala, Delfina."

Alimgeukia. Anselmo alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Asubuhi yake walikuta matundu manne kwenye udongo wa uani. Delfina ni fundi cherehani. Alichukua futi yake akapima. Mawili ya juu yaliachana mita moja na sentimita sabini, ya chini mita moja. Akaikunja futi polepole. Kilikuwa kipimo cha mwanamume aliyelazwa chali, mikono na miguu imetandazwa.

Bibi Casilda, mganga, alifika na sigara yake nene ya majani, akazunguka ua mara moja, akavuta kiti.

"Huyu anayewajia hajatumwa na mtu," alisema. "Ameitwa. Nani anamwita?"

"Hakuna," alijibu Anselmo.

"Chamigo, rafiki yangu, nina miaka themanini na moja. Usinipotezee iliyobaki."

Ikabidi Delfina aeleze. Kila tarehe mbili Aprili, waliopigana na Waingereza katika vita vya visiwa vya Malvinas hujipanga uwanjani na nishani zao. Majina ya waliokufa husomwa, na kila jina huitikiwa: "Yupo!" Kati ya hao, kijana mmoja tu ni wa mji huu, aliyebaki kule visiwani: Isabelino Ayala. Anayemwitikia ni Anselmo, kwa kuwa walikaa handaki moja.

"Namwitikia kwa heshima," Anselmo alisema.

"Na wenzako wanaitikia kwa heshima, wafu wao wamepumzika. Wako hapumziki. Ulimfanya nini?"

Anselmo alitazama matundu. Alipoanza kusema, hakumtazama mkewe.

Walikuwa na miaka kumi na tisa, na njaa. Waliiba kopo la nyama ghalani, wakala pamoja kwa kijiko kimoja. Koplo alipouliza, Anselmo alimtaja Isabelino peke yake. Koplo akaamuru mwizi afungwe kwenye vigingi, juu ya tope, kwenye mvua ya barafu, na akamchagua Anselmo amfunge. Alimfunga. Akaachwa hapo kwa muda wa saa sita. Miguu ya Isabelino haikufanya kazi tena. Siku tatu baadaye mabomu yalipoanza kuanguka, watu walikimbia, naye akabaki akiita.

"Anselmo," Delfina alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ulimwambia mama yake kwamba alikufa amekubeba mgongoni."

"Najua nilichomwambia."

"Na Jumatatu shule inapewa jina lake! Maneno hayohayo yamechongwa ukutani!"

"Najua!"

Bibi Casilda aliizima sigara. "Mimi simfukuzi mtu aliyeitwa. Kamwambie mama yake ukweli. Kisha usimwitikie tena. Yote mawili, umenisikia? Si moja."

Jumapili Anselmo alikwenda kwa mama yake Isabelino. Mama Eulogia alikuwa akipiga pasi gauni lake jeusi. Alimtilia terere, kinywaji baridi cha majani, akamwekea chipa, vimikate vyenye jibini nyingi, akampangusa kola. "Umekonda, mwanangu. Huyo Delfina anakulisha nini, nyuzi?" Akacheka. Anselmo alikula chipa nne, akaaga.

Jumatatu, tarehe mbili Aprili, mbele ya shule, mwalimu mkuu alisoma: "Askari Isabelino Ayala!"

Anselmo aliuma midomo. Alijiambia kwamba, ingawa ukweli hakuusema, kunyamaza nako ni kitu. Uwanja ukamsubiri; watu wakaanza kugeuza shingo. Ndipo kwenye mstari wa viti, Mama Eulogia akasimama akiegemea fimbo, akapaza sauti yake nyembamba:

"Yupo!"

Tangu siku hiyo shuka za Delfina zilikauka. Uani matundu yalijifukia yenyewe. Anselmo alilala mchana kama mtoto, akaona haya kwa jinsi alivyolala.

Siku ya tisa Mama Eulogia alimwita. Alimpokea mlangoni, macho yanang'aa, amevaa koti la sufu katika joto lile.

"Amekuja," alinong'ona. "Usiogope. Yuko kitandani kwake. Nimemfunika mablanketi yote niliyonayo." Akamshika mkono, vidole vyake vilikuwa vya barafu. "Ila mikono yake, mwanangu. Ameitandaza, hivi. Najaribu kuikunja nimfunike vizuri, haikunjiki. Wewe ulikuwa naye. Alifanywa nini?"

Hewa baridi ilitoka chumbani ikamgusa Anselmo usoni. Angeweza kusema hajui. Alikwisha kusema mengi makubwa kuliko hayo, katika nyumba hiyohiyo.

"Alifungwa kwenye vigingi, Mama. Chini, kwenye barafu. Hakunibeba. Mimi ndiye niliyemsemea. Mimi ndiye niliyemfunga."

Mama Eulogia hakulia wala hakumlaani. Aliuachia mkono wake, kidole kimoja kimoja, kama anayejinasua kwenye miiba, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Anselmo alibaki amesimama sebuleni. Alisikia kitanda kikilia, mtu mzito akigeuka ubavu. Halafu sauti ya mama, polepole: "Haya, ikunje. Ikunje sasa, baba."

Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia aketi.