Dirisha la Mama Marthe

Kila siku baada ya shule Pulchérie aliteka maji, akafagia ua, kisha akakaa kizingitini kuchora. Mwaka ule wa 1957 jumba moja la kale la wafanyabiashara, pale Baraka karibu na ziwa, lilikuwa limemteka moyo. Paa lilikuwa limebonyea, chokaa ikibanduka vipande vipande, na mkuyu mchanga umeota ukutani. Watu waliona gofu tu. Yeye aliona picha.

Mwalimu Bonaventure alikuwa amewafundisha kupiga chapa: unachonga picha, unapaka masizi yaliyokorogwa na mawese, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Wenzake walichonga picha zao kwenye vipande vya mihogo, navyo vikanywea upesi. Picha moja tu ingepelekwa kwenye maonyesho Bukavu, na Pulchérie aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Alihitaji ubao.

Katika chumba cha chini cha gofu lile aliishi Mama Marthe, mjane mzee asiye na mtoto. Siku moja mjane huyo alipokwenda shambani, Pulchérie aling'oa ubao wa dirisha lake. "Si nyumba inaanguka tu?" alijiambia. Uongo wa kujidanganya mwenyewe ndio mbaya kuliko wote, maana hakuna wa kukubishia.

"Ubao huu umeutoa wapi?" mwalimu alimwuliza.

"Niliuokota ku mwalo, pale mitumbwi inafikia, mwalimu."

Chapa ilitoka safi ajabu. Juu ya paa palikuwa na doa jeupe la mviringo. Rafiki yake Immaculée akauliza ni nini.

"Ni mwezi," Pulchérie akajibu haraka.

Juma lile mvua ilinyesha siku tatu, upepo ukitoka ziwani. Jumapili picha zilitundikwa nje ya kanisa, na ile ya Pulchérie, iliyochaguliwa kwenda Bukavu, ikawekwa mbele. Mama Marthe alifika akikohoa, kifua kimembana. Alitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya ule mwezi.

"Hii si mwezi," akasema. "Ni tundu ya musumari ya dirisha yangu. Bwana yangu alikuwa anatundika pale kofia yake. Siku tatu mvua inaniingilia ku kitanda, na mi nilizani ni bezi, batu bakubwa, ndio baliiba ubao."

Pulchérie alitamani ardhi immeze. "Ni miye, mama. Unisamehe."

Mwalimu aliibandua picha kwa mkono wake. Bukavu ilikwenda ya Immaculée, ya muhogo. Alasiri hiyo Pulchérie na mwalimu waliurudisha ubao dirishani, nyumba iliyochongwa ikitazama ndani. Mama Marthe aliitazama akiwa kitandani.

"Umechonga muzuri, mutoto. Hata mukuyu iko. Lakini mi siko mule."

Njiani Pulchérie alilia, na mwalimu hakumbembeleza.

"Miezi miwili uliitazama nyumba ile, ukauona kila ufa," mwalimu alisema. "Mwenye nyumba hukumwona. Una mkono mzuri, lakini kazi nzuri iliyoanza kwa wizi humwaibisha aliyeifanya. Kesho uanze kumtekea maji, na usiache hata akipona."

Mama Marthe aliyapokea maji, na baada ya mwezi kikohozi kilikwisha. Ila kila Pulchérie alipoondoka, mzee yule aliinuka, akaenda dirishani, akagusa misumari ya ubao mmoja mmoja, kuona kama bado ipo yote.