Pua Hutangulia

Mwalimu aliingia duka la manukato kukimbia mvua, wala hakuwa na haja ya kununua. Duka lilifurika watu, viwiko vinagongana. Gauni lake la samawati lilikuwa limelowa mabegani. Nyuma ya kaunta, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe aliinua kichwa, akanusa hewa.

"Dada wa gauni la samawati. Umekula chungwa, umeshika chaki, na umekasirika."

"Hasira nayo ina harufu?"

"Hiyo nimeiona usoni, dada yangu. Pua ina mipaka yake."

Duka zima likacheka. Ndiye aliyeitwa Bwana Pua, fundi wa kuchanganya manukato, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Mwalimu. Mvua za msimu ule zilipokatika, yeye alikuwa "Ticha wangu" na fundi alikuwa "Pua wangu", na simu zao zilikuwa za kuchosha majirani.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wapendanao hawatazami juu. Mwaka wa pili, fundi alianza kumpa vichupa akimwambia, "Hebu nusa wewe kwanza, mpenzi, uniambie." Mwalimu alidhani anaheshimiwa. Akavimba kichwa.

Jioni moja fundi alialikwa chakula nyumbani kwa Mwalimu, aliyekaa na dada yake mkubwa. Alikuja amenyoosha shati, anatabasamu, na ananukia marashi mazito ya kike kiasi cha kumfanya dada mtu aweke sahani chini.

"Shemeji, leo umekumbatiana na nani?"

"Mimi? Sijakumbatiana na mtu."

"Shati lako linanukia mwanamke," Mwalimu alisema.

Fundi aliinua mkono wa shati, akaunusa kwa muda mrefu. Uso ukamparama.

"Sisikii kitu."

"Wewe? Bwana Pua husikii kitu?"

"Kweli, mpenzi. Sisikii."

"Hata uongo uwe na adabu!"

Fundi aliondoka bila kumaliza chakula. Angebisha, angeapa, Mwalimu angepata wa kugombana naye. Badala yake simu zilianza kupungua: za kila siku zikawa za mara moja moja, zikageuka ujumbe wa "umeamkaje", kisha kimya. Dada mtu alisema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kinanukia kabisa. Mwalimu alicheka kwa mdomo tu, maana usiku alikuwa akilia.

Mwalimu alifundisha Kiingereza kwa watu wazima, jioni, katika chumba kilicho juu ya duka la viatu. Siku moja somo lilikuwa vitenzi vya kupungua kidogo kidogo. Aliandika ubaoni: wane, ebb, fade, dwindle. Akaeleza kwamba lipo neno la mwezi unaopungua, lipo la maji yanayokupwa, lipo la rangi inayochujuka, na lipo la akiba inayoliwa mpaka ikaisha.

"Mwalimu, mbona yote ya polepole?" aliuliza mshonaji wa kiti cha mbele. "Hawana la kuisha ghafla?"

"Hilo ni somo la kesho. Haya ni ya vitu ambavyo mwenyewe huvioni vikiondoka."

"Kama pua yangu," akadakia mama mmoja, mpishi wa hoteli. "Harufu iliniondoka taratibu hata sikujua. Nilikuja kujua siku mume wangu alipopiga kelele sufuria inaungua, na mimi nimeisimamia!"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikumbuka vichupa vyote alivyopewa anuse kwanza. Akatoka kwenye korido, akapiga simu.

"Ticha?" Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mgonjwa.

"Hukunidanganya. Kweli husikii harufu."

"Nani amekwambia?"

"Uko wapi?"

"Jikoni. Kichwa kinanigonga tangu asubuhi, nataka kuchemsha chai. Na mtungi huu wa gesi nimeununua juzi, umeshakuwa mwepesi. Ngoja nitafute kiberiti."

Mwalimu alipiga kelele.

"Usiwashe! Usiguse kiberiti, usiguse swichi. Toka nje, acha mlango wazi. Toka sasa hivi, mpenzi wangu!"

Alimkuta barazani kwake, peku. Jirani aliyeufunga mtungi alikuwa bado amejiziba pua kwa kitambaa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mwalimu alisema, machozi yakimtiririka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungempenda nani? Bwana Pua asiye na pua? Siku ile ya chakula, mteja alinimwagia chupa nzima ya marashi. Nilijifuta kwa maji, nikadhani imetoka."

"Na simu? Kwa nini uliacha kupiga?"

Fundi alitazama miguu yake. "Baba yangu, maradhi yalimwanza hivi hivi. Pua ilitangulia. Baadaye akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Daktari anasema ni mapema mno kujua kama na mimi ni hivyo. Nikaona bora unisahau wewe, kabla sijakusahau mimi."

Mwalimu alilia kwa sauti, mbele ya majirani, bila aibu. Alimpenda mtu huyu na aliogopa. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi tuoane upesi, ungali unamjua unayemuoa."

"Ticha, usinionee huruma."

"Huruma! Mimi niliyekonda kwa ajili yako? Jumamosi hii. Dada nitamtuliza mwenyewe."

Fundi alicheka, akamvuta kifuani. Wakakaa hivyo mpaka jirani akasema hewa imesafika, wanaweza kuingia.

"Jumamosi," fundi alisema, akiinuka.

"Jumamosi."

Mlangoni aligeuka, macho yanang'aa kwa furaha. "Ticha, tumesema siku gani vile?"

Mwalimu alijiambia kwamba mwenye furaha huuliza mara mbili.

"Jumamosi, mpenzi," alijibu, akamshika mkono wakaingia ndani.