Kandambili za Prasit

Jamani, shoga yangu Ampai, yule muuza ndizi za kukaanga! Mumewe Prasit aliokota jiwe kwenye pango la hifadhi, pale ufukweni, akaugua, sasa yuko hospitali hajitambui. Asubuhi Ampai akaenda kulirudisha.

“Wenzio hurudisha kabla ya homa, dada!” mlinzi akamtania.

“Nyamaza wewe!”

Akavua kandambili mlangoni, maana pangoni kila mtu huingia peku. Ndani giza totoro. Akaliweka jiwe, akaomba radhi. Mara akasikia kandambili zinakuja, chapa, chapa, zikakoma mlangoni. Kisha miguu mitupu ikampita, ikaishilia ndani kabisa.

“Prasit?”



Akatoka mbio. Kando ya kandambili zake zilikuwepo za Prasit, zile alizomshonea kwa waya mwekundu, alizoziacha chini ya kitanda hospitalini. Zimeelekea pangoni, bado zina joto la nyayo.